Sindano zikikosekana kliniki, P2 haiwezi kuziba pengo

Katikati ya mwaka 2025 habari moja kutoka Ulaya ilipita masikioni mwetu haraka kuliko ilivyostahili. Shehena ya dawa na vifaa vya uzazi wa mpango, yenye thamani ya takriban Dola milioni 9.7 za Marekani, ilikuwa imekwama ghalani mjini Geel, Ubelgiji. Ilinunuliwa kwa fedha za USAID, na baada ya shirika hilo kuvunjwa, Serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itateketezwa. Shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, IPPF, lilieleza kuwa sehemu kubwa ya mzigo ule ilikuwa inakuja Afrika, na kwamba fungu la Tanzania peke yake lilikuwa na sindano zaidi ya milioni moja na vipandikizi zaidi ya 365,000.

Safu hii haifuatilii siasa za Washington. Ila kuna mambo mawili katika habari ile yanayokugusa wewe mama unayekwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu, na wewe mzazi mwenye binti aliyekwishavunja ungo.

La kwanza ni la wazi. Sindano na kijiti vikikosekana, watu hawaachi kukutana kimwili. Mama anaambiwa "dawa zimekwisha, njoo wiki mbili zijazo", anarudi nyumbani, na mumewe yuko palepale. Baada ya hapo kimbilio lililo karibu ni duka la dawa la mtaani, na dawa inayoombwa kwa jina fupi ambalo hata wanafunzi wa sekondari wanalijua: P2.

La pili ni maelezo yaliyotolewa kuhalalisha uteketezaji. Maofisa wa Marekani walizungumzia dawa zinazotoa mimba. Orodha ya vitu vilivyotajwa kuwamo ghalani ilikuwa ya vidonge vya kila siku, sindano, vipandikizi na vitanzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotoa mimba iliyokwisha kutunga. Lakini kabla hatujawacheka Wamarekani, tujiangalie wenyewe. Sentensi hiyohiyo husemwa kila siku mitaani kwetu kuhusu P2, na imewafanya wanawake wengine waione kuwa dhambi, na wengine waitegemee kufanya kazi isiyoweza kuifanya. Wote wawili wanaumia kwa sababu hawajaelezwa dawa hii inafanya nini mwilini. Ukilielewa hilo, mengine yote yanajieleza.

Anza na yai. Kwa kawaida mwanamke hutoa yai moja katika kila mzunguko. Likishatoka kwenye ovari, linaishi kwa saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume zina subira zaidi: zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano zikilingoja. Ndiyo maana tendo la Jumamosi linaweza kuleta mimba inayotunga Jumatano. Kati ya Jumamosi na Jumatano hiyo ndipo dawa ya dharura inapopata nafasi yake.

P2 ina homoni iitwayo levonogestreli, miligramu 1.5 kwa jumla, aghalabu ikiwa imegawanywa kwenye vidonge viwili. Siku moja au mbili kabla ya yai kutoka, ubongo hupandisha ghafla homoni nyingine, LH, ambayo ndiyo inayoliamuru yai litoke. Levonogestreli ikiwahi kabla LH haijaanza kupanda, inaizuia, na yai linachelewa kutoka. Mbegu zinangoja, zinachoka, zinakufa. Hiyo ndiyo kazi ya P2.

Sasa tazama maana yake. Kama LH imekwishaanza kupanda, au yai limekwishatoka, P2 imechelewa hata ukiimeza dakika kumi baada ya tendo. Watafiti wa Chile na Australia walilipima hili kwa namna isiyoacha ubishi mwingi: waliwafuatilia wanawake waliomeza dawa hii kwa vipimo vya damu na ultrasaundi ili kujua yai lilitoka lini hasa. Miongoni mwa waliomeza kabla ya yai kutoka, hakuna aliyepata mimba. Waliomeza siku yai linapotoka au baada yake walipata mimba kwa kiwango kilekile ambacho kingetarajiwa kama wasingemeza kitu. Laiti dawa hii ingekuwa inaondoa yai lililorutubishwa, wale wa kundi la pili wasingepata mimba. Kutokana na ushahidi wa namna hii, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwezi Desemba 2022 ilibadilisha maelezo ya dawa hiyo nchini humo na kuandika wazi kwamba haizuii yai lililorutubishwa kujipandikiza, na haina athari kwa mimba iliyokwisha kutunga.

Kwa hiyo, wewe uliyekuwa unaiogopa kwa sababu ya dini yako, jambo lenyewe ndilo hilo. Likamilishe na kiongozi wako wa imani ukiwa na maelezo sahihi mkononi. Na wewe uliyemeza pakiti mbili baada ya kukosa hedhi ukitumaini "itashuka", umepoteza fedha zako. Haiwezi.

Swali linalofuata huwa ni la muda. Pakiti nyingi zimeandikwa saa 72. Shirika la Afya Duniani, WHO, linaruhusu hadi siku tano, yaani saa 120, huku likisisitiza kwamba mapema ni bora. Tuseme tendo limefanyika Jumamosi saa tano usiku. Saa 72 zinakwisha Jumanne saa tano usiku, na saa 120 zinakwisha Alhamisi saa tano usiku. Lakini usizichukulie kama muda wa kulipa ada. Kila saa inayopita ni nafasi ya LH kupanda. Duka likiwa wazi Jumapili asubuhi, nenda Jumapili asubuhi.

Kuhusu vidonge viwili: baadhi ya pakiti bado zinaagiza umeze kimoja, kisha cha pili baada ya saa 12. WHO inapendekeza kumeza vyote kwa pamoja. Inafanya kazi vilevile, na inakuepusha na kusahau cha pili. Ukitapika ndani ya saa mbili au tatu, rudi ulikonunua au kituo cha afya uulize kuhusu kurudia dozi. Kichefuchefu, kichwa kuuma, matiti kujaa na matone ya damu kabla ya siku zako ni mambo ya kawaida, na hupita.

Inafanya kazi kwa kiasi gani? WHO inataja kwamba kati ya wanawake 100 wanaomeza levonogestreli baada ya tendo, mmoja au wawili hivi hupata mimba. Namba hiyo inafurahisha, na hapo ndipo inapodanganya. Wengi kati ya wale 100 wasingepata mimba hata kama wangemeza maji matupu, kwa kuwa tendo lao halikuangukia siku za hatari. Mwanamke anayesema "mimi naitumia kila mara na haijawahi kuniangusha" huenda mara nyingi kati ya hizo hakuwa na cha kuzuia. Siku atakapokuwa nacho kweli ndiyo siku ambayo pengine LH itakuwa imeshapanda.

Kuna kundi ambalo dukani haliulizwi, nalo linapaswa kuuliza lenyewe. Kama unatumia dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, au dawa za kufubaza VVU zenye efavirenzi, ini lako linaivunja levonogestreli haraka kuliko kawaida na kiasi kinachobaki kwenye damu kinapungua. Wataalamu wa Uingereza hushauri dozi maradufu kwa wanawake hawa, au kitanzi, nitakachokieleza hivi punde. Watumiaji wengi wa ARV sasa wako kwenye dolutegraviri, ambayo haina tatizo hilo, lakini usibahatishe; soma jina kwenye kopo lako. Uzito nao una nafasi yake. Kwa mwanamke mwenye kilo zaidi ya 70 kuna dalili kwamba P2 hupungua nguvu, na kwa mwenye unene uliopitiliza dalili hizo ni kubwa zaidi. Haina maana asitumie. Ina maana aulize kama ipo njia nyingine iliyo karibu.

Njia nyingine zipo. Kuna kidonge cha ulipristali, miligramu 30, kinachomezwa mara moja hadi siku ya tano. Kinaipita P2 kwa jambo moja kubwa: kinaweza kulichelewesha yai hata LH ikiwa imeanza kupanda, ili mradi haijafika kileleni. Kwenye maduka yetu ni nadra kukikuta. Ukikipata, usianze vidonge vya kila siku wala sindano ndani ya siku tano zinazofuata kwa sababu vinapingana, na kama unanyonyesha, ushauri ni kukamua na kumwaga maziwa kwa wiki nzima. P2 haina sharti hilo la wiki. Mama anayenyonyesha anaweza kuitumia. Kuna pia utaratibu wa zamani wa kutumia vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango kwa dozi kubwa mara mbili. Una kichefuchefu kingi na nguvu ndogo, na watu hukosea kwa kumeza vile vidonge vya mwisho vya rangi tofauti ambavyo huwa ni vya madini ya chuma. Usijifanyie mwenyewe, muone mhudumu.

Njia iliyo bora kuliko zote ndiyo isiyozungumzwa kabisa. Ni kitanzi cha shaba, ambacho wengine huita lupu. Kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo, mimba ni tukio la nadra sana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012, yakihusisha zaidi ya vitanzi 7,000 vilivyowekwa kwa dharura, yalikuta mimba kumi tu. Madini ya shaba ni sumu kwa mbegu za kiume: huzidhoofisha na kuziua, hivyo kazi yake kuu ni kuzuia yai lisirutubishwe. Uzito wako hauipunguzii nguvu, wala rifampisini. Na kikishawekwa, kinaweza kubaki kikikukinga miaka kumi au zaidi, na siku ukitaka mtoto kinatolewa.

Mbona basi hujawahi kuambiwa? Kwa sababu P2 inauzwa dirishani kwa nusu dakika bila mtu kukuuliza jina, wakati kitanzi kinataka mhudumu aliyefunzwa, kitanda, vifaa safi na saa za kazi. Mwanamke anayehesabu saa hawezi kungoja "mhudumu wa uzazi wa mpango yuko semina mpaka Ijumaa". Hapa nawasema wakuu wa vituo: huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, hilo ni jema, lakini huduma ya bure isiyopatikana ndani ya siku tano haiwi ya dharura. Wewe msomaji, usisubiri waelewe. Ukifika kituoni sema waziwazi, "Nimekutana na mwenzangu Jumamosi bila kinga, nahitaji kitanzi kabla ya Alhamisi." Sentensi hiyo inambana mhudumu kwa tarehe.

Nirudi kwa mama aliyekosa sindano. Ukiambiwa ya miezi mitatu imekwisha, usikimbilie P2 siku hiyohiyo. Kwa mwongozo wa WHO, sindano ile inaweza kurudiwa hadi wiki nne baada ya tarehe iliyopangwa bila kukuhitaji kutumia kinga ya ziada. Una muda wa kwenda kituo cha pili na cha tatu, na muda wa kufikiria kitanzi. Wakati huo chukua kondomu. Kinachoniogopesha kuhusu uhaba ni pale P2 inapogeuka njia ya kila wiki kwa familia nzima. Kwa kila tendo inashindwa zaidi kuliko sindano, kijiti au kitanzi, na makosa hayo yakijumlishwa kwa mwaka mzima, mwanamke anayeitegemea peke yake yuko kwenye hatari kubwa ya mimba asiyoipanga. Mzunguko wake nao unavurugika hadi hajui hedhi ni ipi na matone ni yapi. Tena iko nukta ambayo wengi hawaijui: P2 haikingi tendo linalofuata. Kwa kuwa imelichelewesha yai, tendo la siku tatu baadaye linaweza kulikuta likiwa njiani.

Haiharibu kizazi, lakini. Hilo naliandika kwa uwazi kwa sababu hofu yake imeenea, na nimeona hata watu wenye makoti meupe wakiisambaza. Hakuna ushahidi kwamba P2, hata ikitumiwa mara kadhaa, huleta utasa. Kinacholeta utasa mara nyingi ni maambukizi ya zinaa yaliyoziba mirija, na P2 haikingi dhidi ya hayo. Haikingi wala dhidi ya VVU. Nashangaa jinsi hofu ya mimba ilivyoimeza hofu ya VVU kwa vijana wetu. Kama mwenzako hujui hali yake, ndani ya saa 72 zilezile uliza kituoni kuhusu dawa za PEP, ambazo humezwa kwa siku 28. Safari ni moja, maswali ni mawili.

Sasa wazazi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikwisha kupata ujauzito, kutoka asilimia 27 katika utafiti wa 2015/16. Imeshuka, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano. Siku ukikuta pakiti tupu ya P2 kwenye mkoba wa binti yako, najua damu itakupanda. Ukimpiga, kitu kimoja tu utakuwa umemfundisha: kuficha vizuri zaidi, na siku nyingine kungoja mpaka saa zipite.

Muulize maswali matatu, kwa sauti ya kawaida. Lini, kwa sababu bado pengine kuna siku za kuokoa. Umekunywa dawa gani nyingine, kwa sababu za hapo juu. Na la tatu, lililo zito: ni nani, na ulikuwa radhi? Kidonge chenyewe hakina kikomo cha umri kitaalamu. Sheria inacho. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayelala na mtoto wa chini ya miaka 18 anahesabiwa kwa kawaida kuwa amebaka, hata mtoto akisema aliridhia. Pakiti ile kwenye mkoba wa binti wa miaka 15 mara nyingi ilinunuliwa na mtu mzima mwenye fedha, naye ndiye anayefurahi ukimaliza hasira zako kwa mtoto badala ya kumtafuta yeye.

Kama ni kubakwa, iwe ni mtoto au mtu mzima, nenda hospitali kwanza. Fomu ya polisi, PF3, ina umuhimu wake kwa kesi, lakini saa 72 za PEP na dawa ya kuzuia mimba hazisimami kusubiri muhuri. Asioge na asifue nguo alizovaa. Mtoto anaweza pia kupiga simu bila malipo kwa namba 116.

Baada ya P2, hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa. Ikichelewa zaidi ya siku saba, au wiki tatu zikipita bila kuiona, pima mimba. Maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia ni dalili za kukimbilia hospitali usiku huohuo, kwani mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mji wake. Na kama kipimo kimesoma mistari miwili licha ya dawa, hakuna ushahidi kwamba levonogestreli iliyomezwa inamdhuru mtoto aliye tumboni. Anza kliniki mapema, na mweleze mkunga ulimeza nini na tarehe gani.